Edmonton-Strathcona au Calgary-Elbow: ukitaka kuijua siasa ya Alberta kupitia jimbo moja, chukua lipi?

Alberta, mkoa wa magharibi mwa Kanada, ina majimbo 87 ya uchaguzi, na mtu mwenye kazi ya zamu na watoto wa kupeleka shule hawezi kuyafuatilia yote. Hana haja hiyo pia. Chukua jimbo moja, lisome toka lilipoanza mpaka mbunge aliyeko leo, na utaielewa siasa ya mkoa huu kuliko anayepitia vichwa vya habari kila asubuhi. Kazi ni kulichagua hilo jimbo lenyewe, maana mengine historia yake inakwisha kwa sentensi moja: chama kilekile, mkulima akimpisha mkulima mwenzake.

Kwangu mimi mashindano ni ya wawili. La kwanza ni Edmonton-Strathcona, ng'ambo ya kusini ya mto katika mji mkuu wa mkoa. La pili ni Calgary-Elbow, kusini-magharibi mwa kitovu cha Calgary, kama kilomita 300 ukishuka na barabara kuu. Yote mawili yalianza kwa majina haya mwaka 1971. Yote mawili yametoa mawaziri wakuu wa mkoa. Yote mawili, ndani ya miaka michache iliyopita, yamekaa miezi kadhaa bila mbunge huku wakubwa wakipiga mahesabu. Hata hivyo ukisoma moja tu utatoka na picha ambayo msomaji wa lile jingine hataitambua.

Tuwekane sawa kidogo. Alberta nitaiita mkoa, eneo la uchaguzi nitaliita jimbo, na anayelishika nitamwita mbunge, ingawa haendi Ottawa. Anakaa kwenye bunge la mkoa, Edmonton. Mkenya asome eneobunge. Ndugu wa Kongo asidhani nazungumzia jimbo kama Kivu Kusini. Na bunge la taifa nalo lina jimbo lake linaloitwa Edmonton Strathcona, lenye mipaka yake na mbunge wake. Ukitafuta habari mtandaoni hakikisha unasoma la mkoa.

Haya majina yao, safu kwa safu:

| Edmonton-Strathcona | Calgary-Elbow |
|---|---|
| Julian Koziak, PC, 1971–1986 | David Russell, PC, 1971–1989 |
| Gordon Wright, NDP, 1986–1990 | Ralph Klein, PC, 1989–2007 |
| Barrie Chivers, NDP, 1990–1993 | Craig Cheffins, Liberal, 2007–2008 |
| Al Zariwny, Liberal, 1993–1997 | Alison Redford, PC, 2008–2014 |
| Raj Pannu, NDP, 1997–2008 | Gordon Dirks, PC, 2014–2015 |
| Rachel Notley, NDP, 2008–2024 | Greg Clark, Alberta Party, 2015–2019 |
| Naheed Nenshi, NDP, tangu 2025 | Doug Schweitzer, UCP, 2019–2022 |
| | Samir Kayande, NDP, tangu 2023 |

PC ni Progressive Conservative, chama kilichotawala Alberta miaka 44 mfululizo, 1971 hadi 2015. Mwaka 2017 kiliungana na Wildrose, wapinzani wake wa mrengo wa kulia, wakazaa UCP (United Conservative Party) inayotawala sasa. NDP (New Democratic Party) ni chama cha mrengo wa kushoto, chenye mizizi kwenye vyama vya wafanyakazi.

Kwa hesabu ya vichwa safu hizo zinakaribiana, saba kwa wanane, na hapo ndipo msomaji wa haraka hudanganyika. Elbow ilikaa na watu wawili tu kwa miaka 36, wote wa chama tawala, kisha kati ya 2007 na 2023 ikapitisha watu sita kutoka vyama vitano. Strathcona ilihangaika mapema, miaka ya 1986 hadi 1997, halafu ikatulia. Toka hapo imekuwa na wabunge watatu, wote wa NDP, na wote watatu wamewahi kuwa kiongozi wa chama hicho. Hakuna bahati nasibu hapo. Chama kidogo kinapotafuta mahali salama pa kumweka kiongozi wake, hakina majimbo mengi ya kuchagua.

Strathcona na chuo chake

Reli kutoka Calgary ilifika mwaka 1891, ikaishia ukingo wa kusini wa mto North Saskatchewan. Haikuvuka. Pale ilipoishia pakaota mji, nao ukaja kuitwa Strathcona, ukajitegemea mpaka ulipounganishwa na Edmonton mwaka 1912. Wakili mmoja aliyehamia hapo mwaka 1895, Alexander Rutherford, ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Alberta mkoa ulipoundwa mwaka 1905, na jimbo lake lilikuwa hilohilo la Strathcona. Alikuwa Liberal.

Wakati ule watu waligombania chuo kikuu kijengwe wapi. Calgary ilikuwa imeshakosa makao makuu ya mkoa, ikatumaini kwamba angalau chuo itapewa. Rutherford akakipeleka kwake. Chuo Kikuu cha Alberta kilianza mwaka 1908 upande wa kusini wa mto, jimboni kwa waziri mkuu mwenyewe, na Calgary ikangoja mpaka 1966 kupata chuo kikuu chake kinachojitegemea. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mchezo huo. Barabara ya lami inayokwisha ghafla baada ya geti la waziri tumeiona sote.

Rutherford hakukila kiti kwa muda mrefu. Kashfa ya reli ya Alberta and Great Waterways ilimtoa kwenye uwaziri mkuu mwaka 1910, na mwaka 1913 akagombea Edmonton South akabwagwa na Herbert Crawford wa Conservative. Nyumba yake bado ipo ndani ya eneo la chuo, nayo iligeuzwa kuwa makumbusho, na ukipita hapo utaelewa jambo ambalo jedwali la wabunge haliwezi kukuonyesha: mbunge alianguka, chuo kikabaki, na chuo ndicho kilichoamua baadaye ni watu gani watakaoishi kwenye mitaa ile. Wanafunzi, walimu, wauguzi, wasanii, wapangaji wa vyumba vya chini. Mtaa wa Whyte na soko lake la wakulima, na tamasha la maigizo la Fringe linalojaza eneo zima kila Agosti tangu 1982, vyote vinakaa na watu wa namna hiyo. Hao hawakuja kuwa wapiga kura wa chama cha wenye visima vya mafuta.

Hapo katikati kuna shimo ambalo wengi hawalijui. Kuanzia uchaguzi wa 1921 mpaka uchaguzi wa 1959 hakukuwa na jimbo la Strathcona wala la Elbow katika bunge la mkoa. Edmonton nzima ilikuwa jimbo moja lenye wabunge kadhaa, Calgary vivyo hivyo, na kuanzia uchaguzi wa 1926 wapiga kura wa miji hiyo waliwapanga wagombea kwa namba: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Serikali ya Social Credit, chama kilichotawala kabla ya PC, ikaufuta utaratibu huo, na uchaguzi wa 1959 ukarudisha jimbo moja mbunge mmoja. Ernest Manning, waziri mkuu wa Social Credit toka 1943 hadi 1968, alichukua kiti cha Strathcona East. Kwa hiyo viti vyenye jina la Strathcona vimeshikwa na watu watatu wakiwa mawaziri wakuu, wa vyama vitatu tofauti: Rutherford, Manning, Notley. Anayekwambia Strathcona imekuwa NDP siku zote anahesabu toka alipofika yeye.

Mwaka 1971 mipaka ikachorwa upya, jina Edmonton-Strathcona likazaliwa, na mwaka huohuo Peter Lougheed na PC yake wakaiangusha Social Credit iliyotawala miaka 36. Julian Koziak alipanda na wimbi hilo. Akawa waziri wa elimu, akagombea uongozi wa chama mwaka 1985 akashindwa na Don Getty, na mwaka uliofuata jimbo lenyewe likamponyoka. Aliyemtoa, Gordon Wright, alikuwa wakili. Alifariki akiwa bungeni mwaka 1990, na uchaguzi mdogo wa Desemba mwaka huo ukakirudisha kiti kwa NDP kupitia Barrie Chivers.

Kisha likaja pigo la 1993. NDP, iliyokuwa imeshinda viti 16 mwaka 1989, ilitoka kwenye uchaguzi huo haina hata kimoja. Strathcona ikaenda kwa Al Zariwny wa Liberal. Hapa ndipo mahali pa kusoma polepole, maana chama kisicho na mbunge hata mmoja hakina posho ya ofisi, hakina nafasi ya kuuliza swali bungeni, na waandishi wa habari hawakipigii simu. Mwaka 1997 kilirudi na viti viwili tu: Pam Barrett wa Edmonton-Highlands, na Raj Pannu wa Edmonton-Strathcona.

Pannu alizaliwa Punjab na alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kilekile alichokipeleka Rutherford. Mwaka 2000 akawa kiongozi wa chama. Alipong'atuka mwaka 2008 akampisha Rachel Notley, binti wa Grant Notley aliyeiongoza NDP ya Alberta mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1984. Mwaka huo wa 2008 bado chama kilipata viti viwili tu. Miaka saba baadaye, Mei 2015, Notley aliongoza chama kikachukua viti 54 kati ya 87, na utawala wa PC wa miaka 44 ukaishia hapo. Jimboni kwake alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Aliachia kiti mwishoni mwa Desemba 2024. Aliyekirithi ni Naheed Nenshi, na hapa jamii zetu zinatega sikio: wazazi wake walitoka Tanzania, yeye akazaliwa Toronto mwaka 1972 na kukulia Calgary. Alikuwa meya wa Calgary kwa vipindi vitatu, 2010 hadi 2021, kisha Juni 2024 akachaguliwa kiongozi wa NDP kwa asilimia 86 ya kura za wanachama. Meya wa Calgary akaenda kutafuta kiti Edmonton, mji ambao Calgary imekuwa ikivutana nao kwa kila kitu kuanzia mpira wa magongo mpaka makao makuu. Tarehe 23 Juni 2025 Strathcona ikampa asilimia 82.

Elbow, jimbo lililojifunza kubadilika

Elbow inachukua jina la mto unaopita katikati ya mitaa yenye nyumba za thamani kubwa: Mount Royal, Elbow Park, Britannia. Ukiwahi kupeleka chakula au kusafisha nyumba upande huo huhitaji maelezo. Lakini humohumo kuna maghorofa ya wapangaji, na kuna Altadore na Marda Loop, ambako nyumba moja ya zamani inavunjwa na mbili nyembamba zinajengwa kwenye kiwanja kilekile.

David Russell alilishika miaka 18, sehemu kubwa akiwa waziri, na hakuna mengi ya kusimulia. Aliyemfuata ni Ralph Klein. Klein alikuwa mwandishi wa televisheni, akawa meya wa Calgary kuanzia 1980 mpaka 1989, akachukua Elbow, akawa waziri wa mazingira, na Desemba 1992 akaapishwa kuwa waziri mkuu. Alikaa miaka 14 kamili. Ndiye aliyekata bajeti za hospitali na shule miaka ya tisini kulipa deni la mkoa, na ndiye ambaye serikali yake, mafuta yalipopanda bei, ilituma hundi ya dola 400 kwa karibu kila mkazi mwanzoni mwa 2006. Kwa miaka yote hiyo Elbow ilikuwa ngome ya PC kama Strathcona ilivyo ya NDP leo.

Ngome hiyo ilibomoka kwa uchaguzi mdogo mmoja. Klein aliondoka Januari 2007, PC wakadhani kiti ni cha urithi, na Juni mwaka huo Craig Cheffins wa Liberal akakichukua. Mwaka uliofuata Alison Redford alikirudisha kwa kura zisizofika 500.

Redford ni mtu wa kusomwa peke yake. Alikuwa mwanasheria wa haki za binadamu, alifanya kazi Afrika Kusini, na alikuwa mmoja wa makamishna wa kimataifa kwenye uchaguzi wa bunge wa Afghanistan mwaka 2005. Oktoba 2011 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Alberta, na mwaka 2012 akashinda uchaguzi mkuu kwa viti 61. Kilichomwangusha kilianza na safari ya Afrika hiyohiyo: kwenda kwenye maombolezo ya Nelson Mandela, Desemba 2013, kuligharimu dola 45,000. Akazirudisha. Lakini habari za matumizi ziliendelea kutoka moja baada ya nyingine, na Machi 2014 akajiuzulu uwaziri mkuu, Agosti akaachia na ubunge.

Uchaguzi mdogo wa Oktoba 2014 ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unafanana sana na chaguzi ndogo za kwetu. Waziri mkuu mpya, Jim Prentice, alimteua Gordon Dirks kuwa waziri wa elimu kabla hajawa mbunge, kisha akamsimamisha Elbow atafute kiti. Katikati ya kampeni, waziri huyohuyo wa elimu akatangaza kwamba shule moja ndani ya jimbo anakogombea itaongezewa madarasa ya kuhamishika. Wapinzani wakalalamika, suala likafika kwa kamishna wa maadili, naye akaona sheria haikuvunjwa. Dirks akashinda bila kufikisha hata asilimia 40, kwa kuwa kura za waliomkataa zilikuwa zimetawanyika. Wa pili alikuwa Greg Clark, kiongozi wa Alberta Party, chama ambacho hakikuwahi kuchaguliwa popote.

Miezi sita baadaye Clark akamtoa. Juni 2013 mto Elbow ulikuwa umefurika na kuingia kwenye nyumba za Elbow Park na Roxboro, na Clark aliishikilia hoja ya kinga ya mafuriko bila kuiachia, hoja ambayo haina kulia wala kushoto. Hilo ni somo kwa wagombea wa vyama vidogo: katika mkoa mzima wa watu wanaogombana kuhusu mafuta, yeye aliingia bungeni akizungumzia maji.

Mwaka 2019 NDP na Alberta Party waligawana kura upya. Doug Schweitzer wa UCP akashinda na asilimia 44, akawa waziri wa sheria, na Agosti 2022 akajiuzulu. Mwaka 2023 Alberta Party ilikuwa imechoka, pambano likabaki la wawili, na Samir Kayande wa NDP akashinda kwa tofauti isiyofika kura elfu moja. Wiki za kampeni unaliona hilo kwa macho barabarani: uani hapa bango la bluu la UCP, linalofuata la rangi ya machungwa la NDP, nyumba ya tatu haina kitu, na huyo asiye na kitu ndiye anayegongewa mlango kila jioni. Strathcona ni machungwa mpaka mwisho wa mtaa, na hakuna anayejisumbua kugonga.

Mahali yanapoachana kweli

Watu wengi hulinganisha majimbo kwa kuuliza lipi linatabiri serikali. Kwa haya mawili swali hilo litakupoteza. Strathcona imekuwa na mbunge wa chama tawala mara moja tu toka 1986, ile miaka minne ya Notley. Elbow, inayosifiwa kuwa kipimo cha upepo, toka 2015 imeenda na serikali mara moja kati ya tatu: mwaka 2015 mkoa ulichagua NDP, wao wakachagua Alberta Party, mwaka 2023 mkoa ulichagua UCP, wao wakachagua NDP.

La kuuliza ni uamuzi unafanyika wapi. Elbow uamuzi unafanyika siku ya kura, na kura mia chache zimewahi kuamua nani ashinde. Strathcona uamuzi unafanyika ndani ya chama, kabla karatasi za kura hazijachapwa. Mkenya analijua hili kwa jina la mchujo, Mtanzania kwa jina la kura za maoni: kwenye ngome, anayepitishwa na chama ndiye mbunge, kilichobaki ni sherehe. Ndiyo maana historia ya Strathcona toka 1997 ni historia ya mikutano ya wanachama, nani alimpisha nani na kwa nini, na ukitafuta msisimko kwenye matokeo ya siku ya uchaguzi utasinzia.

Kuna pia suala la kiti kilicho wazi. Sheria inaitaka serikali iitishe uchaguzi mdogo ndani ya miezi sita, isipokuwa uchaguzi mkuu ukiwa umekaribia ndani ya mwaka. Schweitzer alipoondoka, Danielle Smith, waziri mkuu mpya ambaye naye hakuwa na kiti, aliitisha uchaguzi mdogo Brooks-Medicine Hat, akashinda Novemba 2022, na Elbow akaiacha hivyohivyo. Wakazi wake walikaa karibu miezi tisa bila mbunge. Strathcona nayo ilingoja karibu miezi sita baada ya Notley, huku kiongozi wa upinzani akiwa nje ya bunge. Yote yalikuwa halali. Ukitaka kujua chama tawala kinaliogopa jimbo gani na kinalipuuza lipi, hesabu miezi ambayo kiti kimekaa kitupu.

Jambo jingine linalowachanganya wageni: mbunge wa mkoa hapa hana mfuko wa maendeleo ya jimbo. Hakuna CDF, hakuna harambee, hakuna madawati yenye jina la mheshimiwa. Ana ofisi jimboni na wafanyakazi wachache, na huko unapeleka faili lako la bima ya afya au malipo ya ulemavu lililokwama kwenye idara. Katika hilo majimbo haya hayatofautiani. Wala mgombea halazimiki kuishi jimboni. Sheria inataka awe mkazi wa Alberta kwa miezi sita, basi. Nenshi alipita kwa mlango huo.

Sasa, lipi?

Kwa wengi wetu nashauri Elbow. Inasomeka upesi, kila mbunge ana kisa chake, na ndani ya miaka 16 utakutana na karibu kila chama kilichokuwa na maana Alberta pamoja na sababu ya kupanda na kuanguka kwake. Anayejiandaa kupiga kura kwa mara ya kwanza baada ya kuapa uraia ataona kwa namba kwamba kura haitupwi bure. Anayefikiria kugombea ataona kitu cha kumtisha kidogo: waziri wa elimu, mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa chama, wote walitolewa na wapiga kura walewale ndani ya miaka minne.

Strathcona ichukue kama unataka kufanya kazi ndani ya chama, au kama una uvumilivu wa kusoma miaka mia. Kwa mtu anayetoka nchi ambayo chama kimoja kimekaa madarakani toka babu yake akiwa kijana, kipindi cha 1993 hadi 2015 pale Strathcona kina faida kuliko kitabu kizima cha nadharia: viti sifuri, viwili, viwili tena, vinne, viwili, vinne, halafu serikali. Mwanafunzi wa siasa au mwandishi aanzie hapo, na aanze na Rutherford, asianze na Notley. Sharti ni moja, asitegemee kupata nafasi ya kugombea hapo karibuni. Kiongozi wa chama amekalia kiti hicho.

Kama una jioni mbili tu, ya kwanza soma Strathcona 1905 hadi 1913, ya pili soma Elbow kuanzia Klein alipoondoka. Hayo mengine utayajaza taratibu.

Tahadhari ya mwisho ni ya mipaka. Mipaka ya Alberta huchorwa upya kila baada ya chaguzi kuu mbili na tume ya watu watano, wawili wa kutoka upande wa serikali, wawili wa upinzani na mwenyekiti, na sheria imeshaongeza viti kutoka 87 kuwa 89 kwa uchaguzi ujao, uliopangwa tarehe 18 Oktoba 2027. Mtaa unaoishi unaweza kuwa umehamishwa jimbo bila wewe kuhama nyumba. Ingiza anwani yako kwenye tovuti ya Elections Alberta kabla hujaanza kumlaumu mbunge ambaye si wako.